Ukizungusha ufunguo trekta haiitikii: ni swichi au ni kitu kingine?

Swichi ya ufunguo ndiyo inayolaumiwa kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo mkononi. Dereva anazungusha, trekta kimya, na hukumu inatoka papo hapo: "Swichi imekufa." Inanunuliwa mpya, inafungwa, na trekta inabaki kimya vilevile, wakati mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wako foleni wanasubiri kulimiwa. Mara nyingi ile swichi iliyotupwa ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye kichwa cha betri, kwenye waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha trekta), au kwenye swichi nyingine ndogo iliyojificha karibu na gia ambayo wengi hawajui kama ipo.

Swichi mbovu zipo, tena nyingi. Ila ubovu wake unathibitishwa kwa kupima, na kupima kwenyewe hakuchukui muda. Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na Massey Ferguson za zamani akilini, yaani 240, 265, 290 na ndugu zake wenye injini za Perkins, kwa kuwa ndizo zilizojaa mashambani kwetu na umeme wake ni rahisi kuufuata. Mwenye New Holland au John Deere atafuata njia ileile, ila atakuta swichi za usalama zimeongezeka: ya klachi, ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine), wakati mwingine hata ya kiti.

Umeme unapita wapi

Ukiijua njia, nusu ya kazi imekwisha. Kutoka betri kuna waya mnene unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Huo unabeba umeme mwingi sana, amperi mia kadhaa wakati stata inazungusha injini ya dizeli, ndiyo maana haupitii kwenye swichi. Kwenye Massey hizi za zamani, hapohapo kwenye stata unatoka waya mwembamba zaidi, mara nyingi wa rangi ya kahawia, unaopanda hadi nyuma ya swichi ya ufunguo. Ukizungusha ufunguo mpaka mwisho, swichi inautoa umeme huo kwa waya mwingine, unapita kwenye swichi ya usalama ya gia, kisha unashuka kwenye kijiti kidogo (mahali pa kufungia waya) cha solenoidi, swichi ya sumaku iliyo juu ya stata. Solenoidi inavuta, inaunganisha waya mnene, stata inazunguka.

Kwa hiyo kazi ya swichi ya ufunguo ni kutoa amri tu. Ila amri yenyewe si nyepesi: solenoidi ikianza kuvuta inaweza kunywa amperi 30 au zaidi kwa kitambo kifupi, na huko ndiko swichi zinakoungulia.

Rangi za waya zisikudanganye. Trekta zilizotengenezwa Uingereza zilifuata desturi ya kahawia kwa umeme wa betri, nyeupe kwa umeme unaowashwa na ufunguo, nyeupe yenye mstari mwekundu kwa stata, na nyeusi kwa ethi. Lakini trekta iliyopita mikononi mwa mafundi wanne ina rangi za kila duka la mjini. Fuata waya kwa mkono na upime.

Kabla hujagusa chochote

Weka gia huru, kubwa na ndogo. Vuta breki ya mkono, toa PTO, shusha jembe chini, weka mawe au magogo kwenye matairi. Vua saa na pete. Usiwashe sigara wala kiberiti karibu na betri, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka. Ukiwa unafungua waya, toa kwanza kichwa cha hasi, na wakati wa kurudisha kiwe cha mwisho.

Vifaa: mita ya umeme ya bei nafuu inatosha, pamoja na balbu ya taa kubwa ya wati 55 iliyoungwa waya mbili ndefu. Watu wengi wanaidharau balbu wakishapata mita, na hapo wanakosea. Mita inaweza kukuonyesha volti 12 kwenye waya ulioliwa na kutu ukabaki nyuzi mbili, kwa kuwa mita yenyewe hainywi umeme. Ukifunga balbu, inafifia au haiwaki kabisa, na ukweli unajulikana hapohapo. Trekta za kisasa zenye kompyuta ndizo zisizotakiwa kuguswa na balbu. Huko tumia mita peke yake.

Pima betri kwanza, kila mara, hata kama mwenye trekta anaapa kwamba ni mpya. Ikiwa imepumzika na imejaa inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0 au chini yake, haina kitu. Ichaji kwanza ndipo uendelee, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakupoteza.

Kimya kabisa, hata taa za dashibodi haziwaki

Hapa swichi ni mshukiwa wa mwisho. Angalia vichwa vya betri: ule ukoko mweupe au wa kijani unakaa katikati ya kichwa na kibano chake, mahali usipopaona mpaka ukifungue. Safisha kwa maji ya moto na brashi, kwaruza mpaka risasi ing'ae, kaza. Kisha fuata waya wa hasi hadi ulipofungwa kwenye chuma cha trekta. Mara nyingi umefungwa juu ya rangi, matope na kutu.

Vikiwa safi na bado kimya, nenda nyuma ya swichi. Funga upande mmoja wa balbu kwenye chuma safi, upande wa pili uguse kwenye waya unaoleta umeme. Balbu isipowaka, umeme haujafika kwenye swichi kabisa, na swichi haihusiki. Tafuta fyuzi iliyoungua au waya uliokatika njiani. Ikiwaka vizuri hapo, sasa zungusha ufunguo hatua ya kwanza na uguse kwenye waya wa kutokea. Umeme ukiingia bila kutoka, swichi imekufa kweli, na hapo nunua bila wasiwasi.

Taa zinawaka, ukipeleka ufunguo mwisho hakuna hata "tak"

Hili ndilo tatizo linalouza swichi nyingi bila sababu. Mtu anaona taa za dashibodi zinawaka, stata haitoi sauti, anasema sehemu ya kuwashia ya swichi imeisha. Huenda ni kweli, lakini kati ya swichi na stata kuna swichi ya usalama.

Kwenye Massey nyingi za gia 8, swichi hiyo inabonyezwa na gia fupi, ile ya kuchagua nzito na nyepesi. Gia hiyo isipokaa huru sawasawa, stata haipewi umeme. Trekta ikizeeka, mkono wa gia unalegea, na dereva anadhani yuko huru kumbe amepita kidogo. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa: mwambie mtu ashikilie ufunguo kwenye kuwasha huku wewe ukiichezesha gia fupi taratibu, mbele na nyuma, bila kuiingiza. Stata ikishtuka, umepata jibu lako.

Isiposhtuka, shika mita. Gusa kijiti kidogo cha solenoidi huku mtu akishikilia ufunguo. Ukipata volti 10 na kuendelea na solenoidi imekaa kimya, ubovu uko kwenye solenoidi au stata. Swichi zote mbili zimefanya kazi yake. Usipopata kitu, rudi nyuma hadi swichi ya usalama na upime waya zake mbili. Umeme unaingia na hautoki: swichi ya usalama ni mbovu au haibonyezwi. Hauingii: sasa ndiyo ni zamu ya swichi ya ufunguo au waya unaotoka kwake.

Swichi ya usalama inakaa pabaya. Kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kilombero inakula maji na tope, kule Kiteto na Hanang inakula vumbi lililochanganyika na mafuta ya gia, na waya zake zinakuwa zimekauka na kupasuka. Mara nyingi kusafisha vijiti na kubadilisha vichwa vya waya kunatosha. Ukiifungua na kukuta washa (visahani vyembamba vyenye tundu) chini yake, zirudishe zote kama zilivyokuwa, kwa sababu ndizo zinazoamua swichi inazama kiasi gani. Ukizitupa, unaweza kujikuta na swichi mpya isiyobonyezwa kamwe, au inayobonyezwa muda wote.

Usiiruke swichi ya usalama

Sasa naomba tusimame hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia.

Dawa ya haraka inayotolewa mashambani ni kuziunganisha zile waya mbili za swichi ya usalama moja kwa moja, au kuweka bisibisi kwenye stata kuziba vijiti viwili mpaka cheche iruke na injini izunguke. Inafanya kazi, na ndiyo maana imeenea. Lakini angalia mtu anayeweka bisibisi kwenye stata amesimama wapi: chini, kati ya tairi la mbele na la nyuma, ameinama. Trekta ikiwa kwenye gia, itaanza kutembea huku stata ingali inazunguka, injini ya dizeli itashika mara moja, na tairi la nyuma litakuwa linakuja mahali aliposimama yeye. Hakuna aliye kwenye kiti wa kukanyaga klachi. Mwenye bisibisi hana hata sekunde ya kuruka.

Wamekufa mafundi wazoefu kwa njia hii, katika nchi nyingi, na matrekta mengi mapya sasa yanakuja na kifuniko juu ya vijiti vya stata kwa sababu hiyo hiyo. Ukikuta kifuniko hicho kimetolewa, kirudishe. Ukikuta swichi ya usalama imerukwa na fundi aliyepita, mwambie mwenye trekta wazi, hata kama amekuita kwa kazi nyingine kabisa. Swichi ya usalama ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na chochote kingine kwenye trekta ile.

"Tak" moja, au "takatakataka"

Ikipiga takatakataka haraka, solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Hiyo ni betri dhaifu au mguso mbovu kwenye waya mnene. Pima betri wakati ufunguo umeshikiliwa: ikianguka chini ya 9.6 hivi, chaji au badilisha betri. Ikibaki juu ya 11 na stata haizunguki, pima upande wa ethi: ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye mwili wa stata, ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya.

"Tak" moja nzito kisha kimya, mara nyingi ni stata yenyewe: brashi zake za kaboni zimeisha au vigusio vya ndani ya solenoidi vimeungua.

Lakini ipo "tak" dhaifu, ya kivivu, inayokuja mara nyingine na mara nyingine haiji, hasa baada ya trekta kufanya kazi ikapata joto. Hiyo ni ya swichi, na hapa ndipo watu wanapoiachia swichi mbovu wakaanza kufungua stata nzima. Pima kijiti kidogo cha solenoidi: betri ina 11 na zaidi, pale pana 7 au 8. Volti tatu zimepotea njiani. Ili ujue zimepotelea wapi, weka ncha moja ya mita kwenye waya unaoingia swichi ya ufunguo na nyingine kwenye waya unaotoka kwenda stata, mtu akishikilia ufunguo. Swichi nzima inasoma karibu na sifuri. Sehemu mbili au tatu za kumi za volti zinavumilika. Ikisoma volti nzima au zaidi, swichi inakula umeme uliopaswa kufika kwa solenoidi. Ikisoma vizuri, rudia kipimo hicho kwenye swichi ya usalama.

Swichi ya namna hii ukiitoa utaijua kwa macho. Plastiki iliyozunguka kijiti cha stata imegeuka kahawia na kulainika, kichwa cha waya kimepoteza rangi yake ya shaba, kimekuwa cha bluu au cheusi na kinatoka bila kuvutwa. Harufu yake ni ya plastiki iliyopikwa. Kwa ndani, kile kisahani cha shaba kinachounganisha vijiti kina vishimo vyeusi mahali cheche zilipokuwa zinaruka. Unaweza kukisugua kwa msasa laini ili umalize shamba leo, lakini nunua nyingine kesho, kwa kuwa springi yake nayo imeshapoteza nguvu kwa joto.

Unaachia ufunguo, stata inaendelea kuzunguka

Toa kichwa cha betri mara moja. Ukichelewa, stata itaungua. Ufunguo haurudi, au vigusio vya swichi vimeshikana, au solenoidi imekwama. Betri ikiwa imetolewa, chomoa waya mdogo kwenye solenoidi, uufunge tepu ili usiguse chuma, kisha gusisha kichwa cha betri kwa kitambo. Stata ikizunguka, solenoidi imekwama. Ikitulia, badilisha swichi.

Trekta inazimika yenyewe, au haizimiki

Massey za zamani huzimwa kwa kuvuta waya wa kuzimia unaokata dizeli kwenye pampu. Hizo zisipozimika ukizima ufunguo, hakuna ubovu wowote, ndivyo zilivyoundwa. Zile zenye solenoidi ya mafuta kwenye pampu zinategemea umeme wa ufunguo ili ziendelee kuwaka. Ikiwa yako ni ya aina hiyo na inazimika ukipita kwenye matuta, kisha inawaka tena bila shida, tikisa ufunguo injini ikiwa inanguruma bila kuuzungusha. Ikikohoa, swichi imelegea ndani.

Taa zinafifia na swichi ya taa inachoma vidole

Hii inatokana na taa za ziada za kulimia usiku. Taa mbili za wati 55 zinakunywa kama amperi 9, na swichi iliundwa kwa hizo. Ukiongeza nne nyuma umeongeza amperi 18 kwenye swichi ileile na waya uleule. Badala ya kununua swichi kila msimu, funga rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Fuata namba zilizo kwenye vijiti vyake: 30 ipate waya mnene kutoka betri ukipitia fyuzi, 87 iende kwenye taa, 86 ipate waya kutoka swichi, 85 iende ethi. Swichi itabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Rilei ya namna hiyo inaisaidia pia swichi ya ufunguo kwenye njia ya stata, mradi waya wa kuiamsha unapita kwanza kwenye swichi ya usalama.

Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa inazunguka, zima injini papo hapo. Huenda ni swichi ya oili iliyokufa, lakini usiseme hivyo mpaka ufunge geji ya kupima presha na uone kwa macho.

Kufunga swichi mpya

Nenda dukani na ile ya zamani. Kuhesabu vijiti hakutoshi. Hesabu na hatua za ufunguo. Injini nyingi za Perkins zina kifaa cha kupasha hewa moto wakati wa baridi, na swichi yake ina hatua ya kupasha kabla ya kuwasha. Muuzaji akikupa isiyo na hatua hiyo, asubuhi za Njombe au Eldoret zitakusumbua. Swichi nyingi zina namba zilizochongwa nyuma: 30 ni umeme wa betri, 15 ni unaowashwa na ufunguo, 19 ni wa kupasha, 50 ni wa stata, 58 ni wa taa ndogo. Kama namba za mpya hazifanani na za zamani, pima kwa mita kila kijiti kinaungana na kipi kwa kila hatua ya ufunguo kabla ya kufunga.

Piga picha ya nyuma ya swichi kwa simu, kisha weka kipande cha tepu chenye namba kwenye kila waya. Toa hasi ya betri. Fungua nati ya duara iliyo mbele ya dashibodi huku umeishika swichi kwa nyuma isizunguke. Waya wenye ncha nyeusi ukate mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, na ubane kichwa kipya kwa koleo yake. Kusokota waya na kufunga nailoni ni kujitengenezea ubovu wa mwezi ujao. Waya mpya usiwe mwembamba kuliko uliotoka. Chunguza pia kama panya wamepita, maana trekta ikilala msimu mzima wanapenda sana nyuma ya dashibodi.

Ukishamaliza na trekta imewaka vizuri, izime na ufanye jaribio la mwisho. Iwe uwanja wazi, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Kaa kwenye kiti, vuta waya wa kuzimia ili injini isishike, kanyaga klachi na breki zote mbili mpaka chini, ingiza gia fupi kwenye nzito, kisha peleka ufunguo kwenye kuwasha. Stata inatakiwa ikatae kabisa. Jaribu na kwenye nyepesi. Ikizunguka hata mara moja, kazi haijaisha. Rudi kwenye swichi ya usalama kabla ya kumkabidhi dereva ufunguo.